Siku Niliyoona Haya Kumfunua Mjomba

Mwaka jana mlinialika chuoni kwenu nizungumze na wanafunzi wa uuguzi. Nikaja na gauni langu la kitenge, nikapewa kiti cha mbele na chupa ya maji, nikazungumza nusu saa nzima habari za nidhamu, usafi wa mikono na kuwahi zamu. Mkanipigia makofi. Nikarudi zangu Bigwa, nikakaa kitandani bila kuvua viatu, nikajisikia vibaya kama mtu aliyetoka kuapa uongo. Sikuwa nimekuja kusema habari za kuwahi zamu. Nilikuja kuwaeleza habari za tumbo, na za mjomba wangu Kibwana, na mbele ya nyuso zile zote changa nikashindwa. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama. Kwa hiyo naandika.

Kwanza nimtaje aliyenifundisha, ili msije mkadhani nilikosa mwalimu. Jina lake Mzee Kobelo. Alikuwa nesi wa kiume katika wodi ya upasuaji ya wanaume, kwenye hospitali niliyopangiwa mara tu baada ya mafunzo. Alianza kazi enzi za Mwingereza, wakati huo wakiitwa madresa, watu wa kufunga vidonda. Cheti cha maana hakuwa nacho, lakini madaktari vijana walikuwa wakimaliza kumpima mgonjwa wanamtupia yeye jicho kabla ya kuandika. Mfupi, miwani imefungwa uzi upande mmoja, na kucheka kwake ilikuwa shida.

Mzee Kobelo alikuwa akisema tumbo ni mgonjwa mwongo. Mguu uliovunjika unauona umepinda. Tumbo litakuonyesha huku na ubaya uko kule. Alinifundisha kuvuta kiti nikae kabla ya kumgusa mtu, nisugue viganja mpaka vipate joto, nianze kubonyeza mbali na mahali panapouma, na macho yangu yawe usoni kwa mgonjwa. "Mdomo utakwambia hapaumi," alisema. "Nyusi hazijui kudanganya." Alinionyesha tofauti ya mtu anayelala kimya amejikunja, hataki hata kitanda kiguswe, na yule anayegaagaa, mara akae, mara achuchumae, mara ashike ukuta. Wa kwanza tumbo limekwisha kuchafuka ndani. Wa pili utumbo wake unapigana na kitu kilichouziba. Wote wawili ni wa haraka, na wote wawili hawapewi kitu mdomoni, hata maji, hata walie.

Siku moja alinisimamisha mbele ya kitanda cha mzee mmoja aliyeletwa kutoka Kisaki akitapika.

"Binti, tumbo la mgonjwa huyu linaanzia wapi?"

"Hapa chini ya mbavu, mzee."

"Linaishia wapi?"

"Chini ya kitovu."

"Umeshamuua." Akamgeukia mgonjwa, akamwomba radhi kwa utani huo, kisha akanirudia. "Tumbo linaanzia kwenye chuchu na kuishia magotini. Funua mpaka magotini, uangalie kwenye kinena, kushoto na kulia. Ngiri iliyobanwa inajificha pale, na mtu anakufa akisema tumbo, tumbo. Kama utaona haya, kazi za kufanya ziko nyingi. Nenda kauze vitumbua."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Vifaa vyetu vingewashangaza. Sindano tulichemsha kwenye jiko la mafuta ya taa, na tukizinoa wenyewe zikiwa butu. Glavu tulifua, tukaanika kwenye kamba kama soksi, zikikauka tunazipaka poda, zinarudi kazini. Mkojo wa mgonjwa wa dripu nilipima kwenye chupa ya jemu niliyoichora mistari kwa plasta. Ule mpira mwembamba unaopitishwa puani mpaka tumboni ili kunyonya uchafu ulikuwa mmoja kwa wodi nzima, unachemshwa, unarudi. Mara yangu ya kwanza kuupitisha ilikuwa kwa utingo mmoja wa lori, bonge la mtu. Nilisahau kumwambia ameze. Nikasukuma tu kama mtu anayezibua bomba la sinki. Utingo akapiga chafya, mpira wote ukatoka kwa nguvu na kunichapa shavuni mbele ya wodi nzima. "Sista," akaniambia huku machozi yakimtoka, "sasa tumelipizana." Tangu siku hiyo namwambia mgonjwa kila kitu kabla ya kukifanya, namkalisha, nampa neno: nikisema meza, meza mate. Unapita wenyewe.

Jambo la mwisho la Mzee Kobelo aliniambia akiwa anakunja mashuka, hata hakunitazama. Alisema maumivu ya tumbo lililoziba yakikatika ghafla, na choo hakijatoka wala upepo haujatoka, usishangilie. Utumbo umekufa, na kitu kilichokufa hakiumi. Mgonjwa atakwambia ana nafuu. Atakuomba ruhusa aende nyumbani.

Mimi yote hayo niliyaandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri.

Baada ya miaka miwili nikapelekwa milimani. Ilikuwa ile miaka ya vijiji vya ujamaa, na kijiji kimoja huko juu Uluguru kilikuwa kimejijengea kituo cha afya kwa nguvu zao wenyewe. Gari halikufika. Kutoka barabarani ilikuwa saa nne za kupanda kwa miguu, na kila mfuko wa saruji na kila bati vilipandishwa na watu. Nilipelekwa kwa sababu mimi ni Mluguru, na kijiji kile ndicho cha ukoo wa mama yangu. Wakubwa walisema nitaelewana na watu. Tulielewana kweli, tena tulielewana mno.

Ninyi mliotoka Mwanza na kwingine mbali mnisikilize kidogo hapa. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Baba anaweza kukulea na kukupenda, lakini jambo zito linakwenda kwa mjomba. Nilipochaguliwa kwenda kusomea unesi, wazee walikaa siku mbili wakisema msichana wa kwenda kushikashika wanaume wasiomhusu hataolewa. Mjomba Kibwana aliwaacha waseme. Walipomaliza akasema, "Zena aende." Kesho yake akabeba sanduku langu kichwani mpaka mjini, kimya njia nzima, akanikabidhi kwa mlinzi wa chuo, akageuka kurudi. Huyo ndiye mjomba wangu. Mrefu, mpole, mkulima wa migomba na maharage, mtu anayesali swala zake na asiyeomba kitu kwa jirani.

Ilikuwa masika. Mganga wetu wa kituo alikuwa ameteremka mjini kufuata dawa, na kwa njia zilivyokuwa tulijua atakaa siku nne au tano. Kituoni tulibaki mimi na mhudumu wa wodi, Mama Mwajuma, mwanamke mtu mzima aliyejua kusoma kidogo kwa kisomo cha watu wazima. Asubuhi, nikiwa naandikisha watoto wa kliniki, nikamwona mjomba anakuja polepole, ameinama, mkono umeshika tumbo, mkewe Bi Tausi nyuma yake na mwavuli wa jani la mgomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Tumbo linanikata."

"Tangu lini?"

"Tangu alfajiri. Linakuja, linaondoka, linakuja."

Nikamlaza. Hakulala. Akakaa, akachuchumaa, akashika ukuta. Nikaona, nikajua ninachokiona, lakini nikakiweka pembeni. Nikamuuliza amekula nini. Ugali wa muhogo. Ametapika? Mara mbili. Amepata choo? Hapo akageuza uso ukutani.

"Mambo hayo tena, mwanangu?"

Bi Tausi alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango, anatazama nje. Nikamwambia mjomba alale chali nimpime. Akalala. Akapandisha shati mpaka kifuani, nami nikaweka mkono juu ya kitovu. Chini ya hapo kulikuwa na msuli wake, ameufunga imara, na mkono wake wa kulia umekamata pindo la msuli kwa ngumi. Vifundo vya vidole vilikuwa vimepauka kwa jinsi alivyokamata. Mama Mwajuma akanisogelea, akaninong'oneza:

"Sista, mwambie alegeze msuli."

"Ni mjomba wangu," nikamjibu.

Hayo ndiyo maneno yangu. Nimeyasema mwenyewe kwa mdomo huu. Mama Mwajuma akarudi nyuma, akaendelea kuchemsha sindano.

Mnaweza kusema ningemwita mwanamume yeyote amwangalie. Ningeweza. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mita mia mbili kutoka pale, kwenye shamba la kijiji. Ningeweza kufumba macho nikapeleka mkono. Ningeweza kumwambia, "Mjomba, uliniruhusu nije kuisomea kazi hii, basi niache niifanye." Maneno hayo yalinijia baadaye, na yameendelea kunijia mpaka leo, yamepangika vizuri sana. Siku ile niliona haya ya mtoto mbele ya mkubwa wake, moyo ukaniambia ni msokoto tu, ni minyoo, ni muhogo mbichi. Nikamchoma sindano ya kutuliza msokoto. Bi Tausi akasema, bila kugeuka, kwamba labda choo kimefunga. Nikampa mafuta ya nyonyo, vijiko viwili. Andikeni hili kwenye madaftari yenu: mtu aliyezibwa utumbo nilimpa dawa ya kuharisha. Ni kama kumpiga mjeledi punda aliyefungwa kwenye mti.

Akatapika mafuta yale. Akatapika tena, kijani. Saa sita mchana tumbo lilikuwa limejaa, nikiligonga kwa kidole linalia kama ngoma. Nikasema tungoje mvua ipungue, kisha nimwite mwenyekiti apange watu wa machela. Lakini kwenye saa tisa alasiri mjomba akanyooka kitandani, akashusha pumzi, uso ukatulia.

"Zena, sasa nasikia nafuu. Yamekatika. Nirudi nyumbani nikapumzike."

Nilifurahi, wajukuu zangu. Nilifurahi mpaka nikakaa chini. Nikamsindikiza hadi kwenye daraja la magogo, nikarudi nikaandika kwenye daftari la wagonjwa: amepata nafuu, ameruhusiwa. Ile siku Mzee Kobelo alipokuwa akikunja mashuka haikunijia kabisa.

Asubuhi yake, jua likichomoza, akaja balozi wa nyumba kumi. Hakunisalimia vizuri. "Twende kwa mjomba wako."

Nilimkuta amelala chali, macho yameingia ndani, midomo imekauka, viganja na nyayo baridi. Mapigo ya moyo nilipoyashika mkononi yalikuwa mepesi na ya mbio, hata kuyahesabu ni taabu. Tumbo gumu kama ubao. Nikawaambia watu watoke nje. Nikafungua msuli. Mjomba hakunizuia. Kwenye kinena cha kulia kulikuwa na uvimbe mkubwa kama yai la bata, na ngozi juu yake ilikuwa na rangi ya zambarau.

Watu wa kwetu huita mshipa, sisi huita ngiri. Kipande cha utumbo kilikuwa kimetoka kwenye tundu kikabanwa, na nilipokuwa namnywesha nyonyo siku iliyopita labda kilikuwa bado hai.

Mwenyekiti akatoa wanaume wanane kwenye shamba la kijiji. Machela ilikuwa ya miti miwili na blanketi. Niliweka dripu, nilipitisha mpira puani, vyote nilivyostahili kuvifanya jana nilivifanya siku ile, tena vizuri. Tukateremka. Njia ilikuwa matope matupu, wale wa mbele wakiteleza wa nyuma wanavuta. Mimi nilitembea ubavuni nimeinua chupa ya dripu juu, ya kioo, nzito, mkono ukichoka nahamishia wa pili. Bi Tausi alikuwa nyuma kabisa. Tulipofika mtoni wabebaji wakatua wapumzike, mjomba akafungua macho.

"Zena."

"Naam, mjomba."

"Umechoka. Mpe mwingine hiyo chupa."

"Sijachoka."

Akanivuta sare niiname. "Watu wasijue kwamba ulinifunua. Nakuomba."

"Hawatajua, mjomba."

"Hata mama yako."

"Hata mama."

Akafumba macho. Wale vijana wakabeba tena.

Barabarani tulingoja sana. Mafuta ya gari miaka ile yalikuwa ya kibali, magari yalipita kwa kuhesabu. Mwishowe lori lililobeba ndizi likatuchukua, tukamlaza mjomba juu ya mikungu. Tuliingia hospitali ya mjini jua likiwa linaelekea kuzama. Aliyetupokea mlangoni mwa wodi alikuwa Mzee Kobelo.

Alimfunua mpaka magotini hata kabla machela haijatua. Akaangalia. Akaninusa, nafikiri alinusa matapishi kwenye sare yangu. Akamwita daktari, akaagiza chumba cha upasuaji kitayarishwe, yote kwa sauti ileile ya kila siku. Halafu akanivuta pembeni.

"Alikuja lini kwako?"

"Jana asubuhi."

"Ulimfunua?"

Nikamtazama Mzee Kobelo machoni. "Nilimfunua, mzee. Hapakuwa na kitu."

Nilijua ananitazama nini. Alikuwa anatazama nyusi zangu. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyostahili, mkononi ana kalamu na faili. Kisha akaandika nilichomwambia, neno kwa neno, akalifunga faili.

"Kaoge," akasema. "Una matope mpaka shingoni."

Daktari alikata utumbo uliooza, urefu wa kama mkono wa mtu mzima, akaunga. Lakini sumu ilikuwa imekwisha kuenea. Nikaomba nimuuguze mwenyewe, wakaniruhusu. Siku mbili nilimgeuza, nikamwosha, nikabadilisha vitambaa, nikapima mkojo, ambao ulikuwa matone. Nilimfunua kila baada ya saa moja, na hakushika tena shuka. Siku ya tatu adhuhuri akafa. Bi Tausi alikuwa amekwenda kuswali, aliporudi akanikuta nimekaa na mkono wake mkononi mwangu, akajua.

Hatukuweza kumpandisha. Mvua ilikuwa imekata njia, na maiti haingoji. Akazikwa mjini, kwenye udongo wa watu wengine, mbali na makaburi ya ukoo wake. Mluguru wa mlimani anajua huo ni msiba wa pili.

Niliporudi kijijini nilidhani watanitemea mate. Wakanishukuru. Mama yangu alinishika kichwa mbele ya wanawake wa ukoo akasema mtoto wangu alimhangaikia mjomba wake mpaka mwisho. Kwenye mkutano wa kijiji mwenyekiti alisimama, "Ndugu wananchi, ndugu yetu muuguzi aliteremka mlima ameinua chupa saa nne, hakuishusha," nao wakapiga makofi, wale vijana wanane wakipiga kwa nguvu kuliko wote. Mama Mwajuma alikuwa amekaa mbele yangu. Yeye hakupiga. Wala hakusema kitu, si siku ile wala baadaye. Tulifanya kazi pamoja miaka mingine mitano, na kila nilipomtaka ushauri juu ya mgonjwa alinijibu, "Unavyoona wewe, Sista."

Baada ya hapo nilifunua kila mtu. Niliweka pazia, nilizuia ndugu wasiingie, nilisema kwa upole lakini nilifunua. Masika moja aliletwa imamu wa msikiti wa kijiji cha jirani, mzee wa heshima zake, anatapika, anagaagaa, tumbo limejaa. Wanawe watatu walisimama mlangoni.

"Sista, huyu ni mzee wa dini," mkubwa wao akasema. "Mngoje mganga."

"Mganga yuko Morogoro."

"Basi tutangoja."

"Baba yenu hana muda wa kungoja. Tokeni, au mbakie mshuhudie, mnavyotaka. Mimi nafunua."

Imamu mwenyewe akakamata shuka, akasema, "Binti, usinivunjie heshima." Nikautoa mkono wake kwenye shuka, kidole kimoja kimoja. Ngiri ilikuwapo, bado laini, bado ina rangi ya ngozi. Hakunywa hata tone la maji, nikampitishia mpira, nikamwekea dripu, akateremshwa siku ileile na akapasuliwa salama. Akaishi miaka mingi, alikuja kuwaozesha wajukuu zake. Na miaka yote hiyo tukikutana njiani aligeuza uso kwenye migomba, na shikamoo yangu hakuiitikia hata mara moja. Wanawe walieneza kwamba nesi wa kituo hana adabu. Sikuwalaumu. Ila nawaambia mapema, ninyi wenye moyo wa kupenda kushukuriwa: niliyemuua kwa adabu nilishukuriwa kwa makofi, na niliyemponya alikufa ananichukia.

Miaka ilipita nikapata uhamisho kwenda mjini. Wiki ya mwisho nikapanda shambani kwa Bi Tausi. Nilikuwa nimeamua kumwambia, maana sikuweza kuuacha mlima ule nikiwa nimebeba vile. Nilimkuta kwenye kibanda cha shamba, amekaa kwenye mkeka anapukuchua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia unatuacha."

"Nina neno la mjomba."

"Sema."

Nikamwambia yote. Ngumi kwenye msuli, Mama Mwajuma alivyoninong'oneza, mafuta ya nyonyo, nilichomdanganya Mzee Kobelo. Nilimwambia hata ahadi ya mtoni. Yeye aliendelea kupukuchua, maganda huku, punje huku. Nilipomaliza akaendelea tena kwa muda.

"Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi," akasema.

"Ulikuwapo, mama."

"Nilimwona alivyokamata msuli, na nilijua anaficha nini. Mshipa ule alianza nao walipopandisha saruji ya kituo. Alibeba mifuko sita, zamu yake ilikuwa minne. Kila jioni nilikuwa namkanda kwa majani ya moto, unarudi ndani, analala. Aliniapisha nisimwambie mtu." Akachukua ganda jingine. "Siku ile nikasema moyoni, huyu mtoto kasoma, ataona mwenyewe. Nikatazama nje. Niliitazama mvua, Zena, kama mtu ambaye hajapata kuiona mvua."

Nikaokota punje iliyoangukia nje ya mkeka.

"Utauambia ukoo?" akaniuliza.

"Ukiniruhusu nitawaambia."

"Ukisema lako utakuwa umesema na langu. Nina wajukuu hapa. Usiseme mpaka nife."

Nikamkubalia. Hiyo ilikuwa ahadi ya pili juu ya jambo hilohilo, na niliishika. Bi Tausi alifariki miezi michache kabla hamjanialika chuoni, akiwa na umri mkubwa sana, amelala tu. Ya mtoni nimeivunja leo, na kwa mjomba nitajibu mwenyewe nitakapofika.

Siku ile nilikaa kwenye mkeka nikamsaidia. Tulipukuchua mpaka kapu likajaa, hatukusema tena habari za mjomba; tuliulizana juu ya mbegu, juu ya nyani waliokuwa wanaharibu mahindi. Nilipoinuka akajaza maharage kwenye kitambaa, akafunga fundo, akaniwekea mkononi. "Ukapike huko mjini," akasema, "huko mnanunua kila kitu."

Nilipewa chumba huko mjini, mtaa wa Mafiga. Kitambaa kile nilikiweka chini ya kitanda. Mara tatu nilikitoa, nikayaosha maharage, nikabandika sufuria, nikashindwa, nikayaanika tena juani. Mwisho yakabunguliwa na wadudu. Niliyamwaga shimoni nyuma ya nyumba, nikafua kitambaa, nikakikunja.